Niliusingizia Upepo

Watu wa Kituntu tuna sifa nyingi mbaya, na kwa kuwa nimezaliwa huko naruhusiwa kuzitaja. Tunasengenyana, tunachelewa ibadani na kuwahi kwenye pombe ya ndizi, na jembe la kuazima hulirudisha limeisha makali. Lakini kuna sifa moja tuliyobandikwa bure, na aliyetubandika ni mimi. Katika daftari la daktari mmoja wa macho iliandikwa kwamba kwetu kuna upepo mkali usiofaa kwa upasuaji. Upepo wetu ni sawa na wa jirani zetu wa Kihanga, sawa na wa Nyakakika. Unaangusha migomba miwili mitatu mvua zinapokaribia, kisha unakwenda zake. Siku zile haukumvunjia mtu kitu.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Wakimbizi waliovuka mpaka walikuwa wamepungua na magari meupe ya misaada yalikuwa yameanza kuondoka barabarani. Mimi nilikuwa fundi redio mjini Kayanga. Ufundi niliupata kwa askari mmoja wa mitambo ya mawasiliano aliyebaki kwetu baada ya vita vya Kagera kwa ajili ya mwanamke. Mwanamke alimwacha, naye alipoondoka akaniachia mimi bisibisi zake na kila alichokijua. Nilikuwa na jina zuri. Mtu akiniletea redio iliyokufa sikumwambia imeharibika kwa sababu gani kama sikujua, na hilo ni jambo adimu kwa mafundi.

Basi likaja gari la macho. Lilitolewa na kanisa moja la ng'ambo, nalo halikuwa gari la hospitali hata kidogo. Lilikuwa gari-nyumba, lile basi dogo lenye kitanda, jiko na choo ndani, ambalo wazee wa kizungu hutembelea pwani za kwao wakiwa likizo. Kitanda kilikuwa kimeng'olewa ikawekwa meza ya kupasulia. Jiko liliachwa, wakawa wanachemshia vyombo. Ubavuni, juu ya mlango, kulikuwa na turubai la mistari ya kijani na nyeupe, limeviringishwa ndani ya bomba. Ukibonyeza kitufe linatoka lenyewe kwa mota, taratibu, likishikiliwa na mikono miwili ya aluminiamu, mpaka linakuwa kivuli cha kutosha watu ishirini. Chini ya kivuli hicho walilazwa waliotoka kupasuliwa, jicho limefungwa bandeji, wasipigwe na jua wala vumbi. Sheria ya daktari ilikuwa moja: pasipo turubai hakuna upasuaji.

Juu ya paa kulikuwa na kipima upepo. Kilikuwa na vikombe vitatu vyeusi vya plastiki, kila kimoja nusu ya ganda la yai, vimeshikwa kwenye kijiti chembamba cha chuma kinachozunguka. Upepo ukizidi vilizunguka kwa kasi, kisanduku cha umeme mle ndani kikahesabu mizunguko, na kikiona imezidi kinaiamuru mota ikunje turubai kabla mikono haijavunjika. Nilipoelezwa mara ya kwanza nilicheka. Niliwaza, hawa wenzetu wana kivuli kinachokimbia kabla ya mwenye nyumba. Nilicheka, lakini nilichukua kazi. Niliajiriwa kuangalia jenereta, betri, taa na hilo turubai.

Na nikiwa mkweli, kazi ile niliitaka kwa sababu ya mama.

Mama alikuwa mjane, anaishi Kituntu kwenye shamba la migomba aliloachiwa na baba, pamoja na mke wangu na watoto. Jicho lake la kulia lilikufa nikiwa bado shuleni. Lilimuuma, mganga akalikamulia majani, na baada ya hapo halikuuma tena wala halikuona. Sasa la kushoto lilikuwa limeingiwa na mtoto wa jicho. Aliona mwanga na vivuli tu. Alijua anaongea na nani kwa mwendo wa miguu, alimenya ndizi bila kujikata, na shambani aliutambua kila mgomba kwa kuupapasa shina, akikuambia huu ni wa kupika na huu ni wa pombe. Kitu kimoja tu kilimshinda, nacho kilimkera kuliko vyote: kuchambua maharage. Mke wangu alikuwa na haraka zake, mawe yalimpita.

"Mimi sitaki kuona dunia," mama aliniambia. "Dunia nimeshaiona. Nataka kuchambua maharage mwenyewe, nichoke kutafuna mawe ya mke wako."

Mke wangu alikuwa amekaa pale pale, akacheka kuliko wote.

Gari lilifika Kituntu Jumatatu moja mwishoni mwa kiangazi, likaegeshwa uwanja wa kanisa. Daktari alikuwa mzungu wa makamo, mpole, Kiswahili chake cha kitabu lakini safi. Alimmulika mama kwa tochi, akamwomba aangalie juu, chini, pembeni, kisha akaniita. Aliniambia jicho la kulia halina dawa. La kushoto lilikuwa zima kwa ndani, kazi ya nusu saa. Akamwandika mama Alhamisi, pamoja na wengine kumi na mmoja.

Jumanne asubuhi baba mkubwa alifariki. Alikuwa kaka yake baba na mkubwa wa ukoo wetu wote, na tangu baba afe yeye ndiye aliyekuwa baba yangu. Kwetu mtu akifa jembe haligusi udongo wa kitongoji mpaka azikwe, na mtu mzima hawezi kwenda kulala kwa daktari majirani wakilia. Uwanja wa kanisa ukawa mtupu. Daktari alikuja msibani akiwa amevaa tai, akatoa pole kwa kila mtu, hata kwa watoto. Aliahirisha upasuaji mpaka Jumatatu inayofuata. Kisha akaniuliza kando, yeye na gari lake wanaweza kusaidia nini.

Jua lilikuwa kali, na vijana walikuwa wanakwenda kukata miti na majani ya migomba wajenge kibanda cha msiba. Nilimwambia, "Kivuli, daktari." Alifurahi kama mtu aliyepewa zawadi. Niliwaambia vijana waache miti. Gari likaletwa uani kwa baba mkubwa, nikabonyeza kitufe mbele ya ukoo mzima, turubai la mistari likatoka lenyewe juu ya wanawake waliokuwa wamekaa chini kwenye majani makavu. Kilio kilisimama kidogo watu wakitazama. Nisiseme uongo, nilijivuna. Baba mkubwa alikuwa ndani amelala kwenye kitanda chake cha mwisho, nami nikajivunia kitufe.

Sasa kuna jambo ambalo nililijua, na ningepaswa kulikumbuka kabla ya kufungua mdomo. Katika ukoo wetu kibanda cha msiba hakishuki mpaka siku ya nne, kuhesabu tangu siku ya mazishi. Siku hiyo wanaume wa ukoo hukibomoa kwa mikono yao, ndipo msiba unakwisha na majembe yanarudi shambani. Kikianguka chenyewe kabla ya hapo, wazee husema marehemu anaita mwenzake. Mimi ni Mkristo na fundi wa umeme, na nilikuwa nikisema kwamba mambo hayo siyaamini. Unaweza kusema hivyo vizuri sana ukiwa Kayanga.

Tulizika Jumatano mchana. Watu walirudi uani, wakapewa chakula, na upepo ukaja, upepo wa kawaida wa alasiri. Mota ikaunguruma. Turubai lilianza kujikunja taratibu, jua likawa linawapanda wanawake kuanzia miguuni mpaka vichwani, na shangazi yangu, dada yake marehemu, akapiga ukelele ambao bado nausikia.

"Kibanda kinashuka! Siku ya kwanza! Waitu, jamani, anamwita nani?"

Nilikimbia ndani ya gari nikabonyeza kulirudisha. Likatoka. Robo saa haikupita, likaingia tena. Mara ya pili hakuna aliyepiga kelele, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Wanawake walianza kuangaliana wakimtafuta anayeitwa, na macho mengi yalimwendea mama yangu, mkubwa kwa umri na kipofu, aliyekuwa amekaa karibu na gurudumu akiuliza, "Kuna nini? Mbona mmenyamaza?"

Baba mdogo, aliyekuwa sasa mkubwa wa ukoo, alinishika mkono. "Hili dude lako," alisema, "lifunge lisitembee. Au uliondoe tujenge letu, lakini tukiliondoa ndiyo tumekwisha kulishusha."

Daktari alikuwa amekwenda kanisani kupumzika. Ningeweza kumfuata, ni mwendo wa dakika kumi. Ningeweza kung'oa waya wa kipima upepo mle kwenye kisanduku, lakini kilikuwa kimefungwa kwa kufuli na ufunguo alikuwa nao yeye. Niliingia mgombani nyuma ya nyumba, nikachuna utepe mrefu wa ganda kavu la mgomba, ule tunaouita ekyai, tunaofungia kila kitu kuanzia mizigo ya kuni mpaka miguu ya kuku. Nikapanda juu ya paa, nikavizungushia vile vikombe utepe, nikakaza fundo. Vikombe vikatulia. Kisanduku kikaamini kwamba duniani hakuna upepo.

Alhamisi ilivuma kidogo, turubai likapigapiga, mimi na vijana tukafunga mikono yake kwa kamba tukaishikilia mpaka ikatulia. Ijumaa pia. Jumamosi ilikuwa siku ya nne. Wanaume wa ukoo walisimama wakaweka mikono yao juu ya turubai, nikabonyeza kitufe, likaingia taratibu kana kwamba wao ndio wanaolisukuma. Baba mdogo aliniletea kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, mbele za watu akaniambia nimeufunika ukoo. Mama alitabasamu upande ule alikoisikia sauti yake.

Nilipanda paani kufungua. Ekyai ulikuwa umezidi kukauka kwa jua la siku tatu na kukaza kama waya. Kucha hazikutosha, nikakata kwa wembe, nikavuta. Kijiti kilikatika mkononi mwangu. Kilikatika kwa sauti ndogo sana, kama unavyovunja njiti ya kiberiti. Sumaku iliyokuwa chini yake ilianguka ikaziunganisha waya, na ndani ya gari taa nyekundu ikawaka. Nilibonyeza kitufe mara nyingi kuliko inavyohitajika kwa mtu mwenye akili. Turubai halikutoka.

Sikuogopa sana bado. Gari lilikuwa na hendeli, chuma kirefu chenye kishikio, cha kulitoa turubai kwa mkono umeme ukishindikana. Nilijua kinapokaa. Niliwaza, nitamwambia daktari kipima upepo kimevunjika, atakasirika kidogo, tutatumia hendeli, Jumatatu mama atapasuliwa. Hayo ya utepe wa mgomba hayana haja. Mzungu nimweleze vipi kwamba nimekifunga kifaa chake ili baba mkubwa asimwite mama yangu?

Nilikwenda kanisani na vikombe mkononi. Nilikuwa nimevuta nyuzi zote za ekyai nilizoziona.

"Daktari, kipima upepo kimevunjika."

"Kimevunjwa na nini?"

"Na upepo," nilisema. "Ule wa Alhamisi."

Nilikwisha kuwarudishia watu redio mia pamoja na ukweli wangu. Daktari alikichukua, akakigeuza, akakishika juu mbali na uso wake kama wanavyofanya watu wa umri wake. Kisha akatikisa kichwa.

"Fundi, hiki kimetengenezwa kwa ajili ya upepo wa baharini. Kule kwetu kimekaa miaka sita ufukweni. Kama upepo wa hapa umekata chuma hiki, basi sikuujua upepo wa hapa."

"Kuna hendeli," nilisema haraka. "Tutalitoa kwa mkono. Mimi nitakaa chini yake siku nzima nikiliangalia."

"Na upepo huo ukija tena? Likiwaangukia watu ambao jicho lao limeshonwa asubuhi hiyo?"

Nilikuwa na jibu moja tu la kumpa, nalo sikulitoa. Akafungua daftari lake akaandika. Aliniambia Kituntu haiwezekani mpaka kifaa kipya kifike kutoka ng'ambo, na Jumatatu tutaondoka. Alisema kwa huzuni ya kweli. Alikuwa anawalinda watu wetu dhidi ya upepo niliouumba mimi.

Nilikuwa na Jumapili nzima. Watu husema walishindwa kusema ukweli kwa kukosa nafasi. Mimi nafasi ilinifuata mpaka kitandani. Baada ya ibada nilikwenda kwake. Nilimkuta amekaa kwenye ngazi ya gari anashona kifungo cha shati. Nilikuwa nimekwisha kupanga maneno. Akainua uso akasema, kabla sijafika, "Karibu, fundi. Nimesikia mliishikilia ile mikono kwa kamba siku nzima. Bila wewe turubai lote lingekwenda. Wewe ni mtu mwaminifu."

Nikasema asante. Nikamuuliza kama anahitaji maji ya kunawa, nikarudi nyumbani. Ningepoteza kazi, hiyo kweli. Lakini kilichonifunga mdomo si kazi. Nilitaka kuendelea kuwa yule aliyemsema. Ni aibu kulikiri hilo nikiwa mzee, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mama nilimwambia lilelile, upepo. Alikuwa amefungasha nguo zake kwenye kanga tangu Ijumaa.

"Upepo," alisema. Akafungua fundo la kanga akaanza kuzitoa nguo moja moja.

Kifaa kilichukua miezi saba. Wakati huo wote gari lilizunguka sehemu zenye majengo, shule na makanisa makubwa, ambako wagonjwa walilazwa ndani; kanisa letu la Kituntu lilikuwa dogo mno kwa hilo. Nilimwambia mama nimpeleke gari liliko, au twende kwa daktari mwingine wa macho, safari ya siku mbili. Alikataa. Aliahidiwa gari pale pale Kituntu, gari litarudi, na mwanawe yumo ndani yake. Ningeweza kumlazimisha. Mwezi wa nne wa kungoja jicho liliwaka. Lilikuwa jekundu, kichwa kikamuuma mpaka akatapika, zahanati wakampa dawa ya kupaka. Nilikuwa Nyakakika na gari. Nilipata habari maumivu yakiwa yamekwisha. Mke wangu aliniambia amepona. Kwetu tukisema mtu amepona tuna maana halii tena.

Mwishowe kifurushi kikafika. Nilikifungua Kayanga, kwenye meza yangu, daktari akiwa amesimama nyuma yangu na karatasi ya maelekezo ambayo ilibidi anitafsirie. Kile cha zamani kilikuwa na waya mbili, hiki kilikuja na nne, kwa kuwa kilipima na jua pia. Za jua nilizifunga utepe wa umeme nikaziacha. Zile mbili nilizipitisha kwenye tundu la zamani la paa, nikaziunga kwa risasi ya kuyeyusha, nikaziba tundu kwa gundi ya mpira mvua isiingie. Kisha nilizungusha vikombe kwa kidole, nikaangalia mshale wa mita ukiruka, mara moja kwa kila mzunguko. Ilikuwa kazi ya saa moja. Nimefanya kazi ngumu kuliko hiyo kwenye redio ya betri mbili. Taa nyekundu ilizimika, nikabonyeza kitufe, turubai likatoka, na daktari akanipiga begani.

Ndani ya kisanduku kulikuwa na kidude cha kuzungusha chenye namba, cha kupanga turubai lijikunje upepo ukifika kiasi gani. Niliuliza niweke wapi.

"Chini kabisa," alisema daktari. "Tunakwenda Kituntu."

Kwa hiyo siku tuliyorudi Kituntu turubai lilikuwa halitulii. Kaupepo kalipopita likaingia, nikalitoa, likaingia. Mwanamke akimpepea mtoto kwa kanga nilitazama juu nikahofia. Watu walicheka, wakasema gari limeingiwa na wazimu. Mama alikuwa amekaa chini yake kwenye benchi, wa kwanza kwenye foleni, amevaa gauni lake la kanisani, akiisikiliza mota ikienda na kurudi.

Daktari alimwita. Akawasha tochi.

"Mama, unaona mwanga?"

"Mwanga gani, baba?"

Akaileta tochi karibu zaidi, kisha akaizima. Alipima jicho kwa vidole, likiwa limefumbwa, kwa muda mrefu. Nje aliniambia kwamba mtoto wa jicho aliachwa akaiva mno, presha ikapanda ndani ya jicho na kuua mshipa wa kuonea, na hakuna awezalo kufanya mtu yeyote popote. "Kama ningempasua siku ile," alisema. Halafu akaniona uso, akaacha, akasema, "Huo upepo, fundi. Pole sana."

Nilimrudisha mama kwenye benchi. Nilidhani atalia. Alikaa akijipangusa gauni magotini, akauliza, "Kile kifaa cha zamani mlikitupa?"

Nilikuwa nacho kwenye sanduku la vifaa. Fundi hatupi kitu.

"Nipe nikishike."

Nilimpa. Alivihesabu vikombe kwa kidole, kimoja, cha pili, cha tatu. Akavigeuza. Akaingiza ukucha mle chini, mahali kijiti kinapoingia kwenye kitako, ambapo mimi na daktari hatukuwa tumetazama, akachokonoa polepole. Akakivuta kitu kidogo cha kahawia akakisugua katikati ya kidole gumba na cha shahada. Mikono ile ilikuwa imefunga mizigo kwa ekyai miaka sitini. Haikuhitaji kuambiwa.

"Nilikusikia ukiuchuna siku ile, nyuma ya nyumba," alisema. "Nikajua unanifungia mimi. Nikafurahi."

Nilivitazama vile vikombe mapajani mwake.

"Halafu ukaja kuniambia upepo. Tangu lini upepo ukajua kufunga fundo, mwanangu?"

Nilimwambia nitakwenda sasa hivi kwa daktari nimwambie yote. Nilikuwa nimekwisha kusimama. Alinishika suruali akanirudisha chini, kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo.

"Kaa. Wakikufukuza kazi nani atanilisha? Macho niliyokuwa nayo umeshayatumia."

Nikakaa. Turubai likaingia, jua likatupiga wote wawili, akanyanyua uso kulipokea joto. Alikitia kile kipande cha ekyai mfukoni mwa gauni, akanirudishia vikombe.

Jioni ile tulikula maharage. Alitafuna jiwe, akalitoa kwa vidole viwili, akapapasa ukingo wa sahani akaliweka. Mke wangu aliomba msamaha, mama akamwambia si kitu. Tangu siku hiyo, kila nilipokuwa nyumbani, maharage yake niliyachambua mimi, kwenye ungo, mlangoni kwenye mwanga. Alikaa karibu akisikiliza. Aliishi miaka tisa zaidi. Mara moja moja jiwe lilinipita, na lilipogonga jino lake alinyamaza, nami nikanyamaza.